Majibu Yalisema Hakuna Saratani

Mama mmoja wa Machame aliletwa kwetu Moshi na bintiye, kipindi cha masika, akiwa na majibu ya biopsi kutoka hospitali nyingine: tishu ya mafuta na nyuzi, hakuna seli za saratani. Kinyama kilichukuliwa kwa sindano, uvimbe ukishikwa kwa vidole, bila ultrasaundi. Tangu hapo uvimbe haukupungua, na ngozi juu yake ilikuwa imeanza kuvutwa ndani. “Shikamoo daktari,” binti alisema, kisha akauliza bila kuzunguka: kwa nini mama apimwe tena na majibu yapo?

Alilala chali, ameinuka kidogo upande wa kushoto, mkono juu ya kichwa ili titi litandazike. Nilitumia kichwa bapa cha mashine ya ultrasaundi, cha megahezi 12, na jeli ya kutosha, nikapunguza kina mpaka msuli wa kifua ukakaa chini ya skrini. Hapo ndipo wengi huharibu. Mashine ikiachwa kwenye kina cha kupimia tumbo, uvimbe wa sentimita mbili hubaki kuwa doa tu.

Uvimbe ulikuwa titi la kushoto, penye namba 2 titi likichukuliwa kama uso wa saa, sentimita 4 kutoka kwenye chuchu. Kimo milimita 19, upana 15. Uvimbe mrefu kuliko upana wake unakata tabaka za titi, wakati fibroadenoma (uvimbe usio saratani) nyingi hulala sambamba nazo. Kingo zilikuwa na miiba, ndani kweusi, nyuma kivuli. Kwapani, tezi moja ya limfu ilikuwa na ganda nene kupita milimita 3. Niliandika BI-RADS 5 (BI-RADS ni mfumo wa kupanga picha za titi kwa madaraja), daraja ambalo uwezekano wa saratani ni asilimia 95 au zaidi. Daraja la 3 hauzidi asilimia 2.

Wengi hudhani picha na biopsi vikigongana, biopsi ndiyo inayoshinda kwa kuwa imegusa nyama yenyewe. Si kweli. Biopsi hueleza kile kilichoingia kwenye sindano, basi. Cha kuuliza ni kama jibu linaieleza picha. Wangeandika kifua kikuu cha titi, au mafuta yaliyokufa baada ya titi kuumia, ningelitafakari jibu lile kwa uzito, maana hayo mawili huiga saratani hata mzoefu akadanganyika. Mafuta ya kawaida hayatengenezi donge lenye miiba.

Daktari wa upasuaji alitaka kwenda moja kwa moja chumba cha upasuaji. Nilimwomba asubiri, kwa sababu aina ya saratani na vipokezi vyake vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni) ndivyo vinavyoamua dawa ianze au kisu kianze.

Tulirudia biopsi tukiangalia skrini. Kwanza niliuliza kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ganzi ya lignokaini asilimia 1 ilianzia kwenye ngozi ikaenda hadi jirani na uvimbe. Isipite kiasi, nayo huchafua picha. Ngozi ilichanjwa milimita 3, kisha nikaingiza sindano ya geji 14 sambamba na ukuta wa kifua. Bastola ya sindano huruka takriban milimita 22, na aliyeielekeza chini anatafuta pafu.

Mruko wa kwanza ulinionyesha kilichotokea kule alikotoka: donge gumu liliteleza pembeni na sindano ikapita kwenye mafuta. Kipande hicho kilikuwa cha njano, kikaelea juu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia vipande. Nilikandamiza titi kwa kichwa cha mashine, nikasogeza ncha mpaka ikagusa ukingo wa donge, ndipo nikafyatua. Kila mara niligeuza kichwa nyuzi 90 kuhakikisha nukta nyeupe ya sindano iko katikati ya weusi. Vipande vinne vilivyofuata vilikuwa vyeupe, vikazama. Kwenye tezi ya kwapani nilifyonza seli kwa sindano nyembamba.

Chupa iliandikwa saa ya kuingiza vipande, kwa kuwa vipokezi hupimwa vizuri vikikaa kwenye fomalini asilimia 10 kwa saa 6 hadi 72. (Ndiyo maana sipendi biopsi za Ijumaa jioni.) Fomu ya kwanza ilisema “uvimbe wa titi” tu, kwa hiyo mtaalamu wa patholojia hakuwa na namna ya kujua kwamba mafuta aliyoyaona hayafanani na picha. Yetu ilibeba mahali pa uvimbe, umbali wake kutoka kwenye chuchu, vipimo, miiba na daraja la 5 la BI-RADS.

Jibu lilirudi: saratani vamizi ya mirija, daraja la 2 (hapa ni ukali wa seli, si BI-RADS), vipokezi vya homoni vipo, HER2 (protini inayochochea saratani) hasi. Seli hizohizo zilikuwemo kwenye tezi, na upasuaji ukapangwa wa titi na kwapa kwa pamoja.