Matambara ya Ebed-Meleki

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimesumbuliwa na neno nililolitamka mwenyewe. Neno lenyewe ni "nitakuombea."

Jumapili baada ya ibada, mama mmoja tunayeabudu naye, mkimbizi, alinivuta pembeni. Alikuwa amekumbatia bahasha ya plastiki yenye karatasi zake. Ameitwa kwenye mahojiano ya ombi lake la hifadhi siku ya Jumatano. "Mzee," akaniambia, "utaweza kwenda nami?" Hakuomba nauli, hakuomba nguo. Alitaka mtu wa kuketi kando yake tu. Nikamshika mkono, nikavaa ile sura ya mzee wa kanisa mnayoijua, nikamjibu, "Mama, nitakuombea." Akasema amina, akaikumbatia tena bahasha yake, akaondoka.

Nilijua nilichokifanya. Jumatano sikuwa na shughuli yoyote. Niliogopa tu. Ofisi zile hunitia baridi, na sikutaka jina langu liandikwe kwenye daftari la mtu. Basi nikaufunika woga wangu kwa maombi, kama mtu anayefunika shimo kwa majani. Na msidhani hata nilimwombea. Usiku nilipiga magoti, maneno hayakuja. Nikafungua Biblia pale nilipokuwa nimeishia, Yeremia, nikasoma sura ya 37 na ya 38 kwa mkupuo.

Habari ile mnaijua, lakini kuna jambo sikuwahi kuliona. Katika sura ya 37 mfalme Sedekia anatuma watu kwa Yeremia wakamwambie, "Utuombee kwa BWANA, Mungu wetu." Mfalme wa maombi! Sura inayofuata, wakuu wanataka kumwua nabii, na mfalme yule yule anawaambia yumo mikononi mwenu. Wakamshusha kwa kamba katika shimo la Malkiya. Maji hayakuwamo, ila matope, na Yeremia akazama matopeni.

Nani alimtetea? Ebed-Meleki, Mkushi. Mgeni. Mtumishi wa nyumba ya mfalme ambaye, kama angekaa kimya, hakuna ambaye angemlaumu. Alitoka, akamfuata mfalme langoni mwa Benyamini alikokuwa ameketi. Langoni, wapendwa, ndipo kesi za watu zilipokuwa zikisikilizwa, mbele ya macho ya wote. Hakwenda kumnong'oneza mfalme chumbani. Alisema watu hawa wametenda mabaya, akaeleza na shimo, akaeleza na njaa. Akapewa watu thelathini.

Kisha akafanya kitu kinachonitoa machozi hadi leo. Kabla ya kwenda shimoni alipita chini ya hazina ya mfalme, akaokota matambara na nguo kuukuu. Akamteremshia Yeremia kwa kamba, akamwambia ayatie makwapani, chini ya kamba, ndipo wamvute. Alifikiria ngozi ya mtu aliyekondeana! Katika hatari yote ile alikumbuka kwamba kamba huchuna.

Hapo ndipo Roho alipoanza kunikemea, na leo naomba niwakemee na ninyi kwa upendo, maana siwezi kubeba fimbo hii peke yangu. Kanisa letu ni hodari wa matambara. Mkimbizi akifika, kabla ya jua kuzama ana koti, ana viatu, ana blanketi. Mungu awabariki, msiache. Lakini Ebed-Meleki alikuwa na lango na kamba pia. Sisi tunamtupia mtu nguo shimoni, anabaki amekaa matopeni amevaa vizuri. Tunapiga picha. Mwaka unaofuata bado yumo, hana hati, hawezi kuajiriwa kihalali, mwajiri anamnyima ujira akijua hatathubutu kushtaki, nasi tunamletea koti la pili. Mithali 31:8 haikusema tufumbue kabati. Imesema, "Fumbua kinywa chako kwa ajili yake aliye bubu." Bubu huyo mara nyingi anazungumza lugha nne, tatizo ni kwamba mahali panapoamuliwa mambo yake hakuna anayemsikiliza.

Jumatatu nilimpigia simu mama yule, nikamwomba msamaha. Akacheka kidogo, akasema alishazoea. Hilo "nilishazoea" liliniuma kuliko kama angenitukana.

Tukaenda. Tulingoja tangu asubuhi hadi mchana ukageuka. Alinionyesha karatasi zake: barua zimekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imechanika, na jina lake limeandikwa namna tatu katika hati tatu, kila karani na sikio lake. Ndani, ofisa akamwuliza kwa nini mahojiano ya kwanza alisema aliyeuawa ni kaka yake, na sasa anasema ni mtoto wa shangazi yake. Mama akanyamaza. Nikamwona anavyobana bahasha. Nikaomba ruhusa, nikaeleza kwamba kwa Kiswahili alisema "ndugu," na ndugu si lazima awe wa tumbo moja. Mkalimani wa kwanza ndiye aliyemfanya kaka. Ofisa akanitazama, akaandika. Sentensi moja! Kwa kukosa sentensi hiyo moja mama alikuwa karibu kuitwa mwongo, na mimi nilitaka kubaki nyumbani.

Najua kuna mtakaoniambia Warumi 13, tutii mamlaka. Amina, tutii. Lakini kuomba hifadhi si uvunjaji wa sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini kwa sababu ya rangi, dini, taifa, kundi lake au maoni yake ya siasa. Mkataba wa nchi za Afrika wa 1969 unasema kutoa hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu. Kumbukumbu la Torati 23:15 ilikwisha kukataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake. Mara nyingi mtetezi anachoomba ni kwamba sheria isomwe mpaka mwisho. Paulo mwenyewe alipofungwa kwa kamba ili apigwe, aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi, na baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Hakuna aliyemwambia anaingiza siasa katika injili.

Wala sidharau maombi, mnisikie vizuri. Mwaka 2018, kule The Hague, Uholanzi, kanisa la Betheli liliipokea familia ya Waarmenia iliyokuwa inatakiwa kurudishwa kwao. Sheria ya nchi ile hairuhusu polisi kuingia kanisani ibada ikiwa inaendelea. Basi wakaanza ibada tarehe 26 Oktoba, na hawakuimaliza. Wachungaji walipokezana usiku na mchana, wengine wakitoka mbali, siku 96, mpaka tarehe 30 Januari 2019, baada ya serikali kukubali kuangalia upya kesi za familia kama hiyo, zenye watoto waliokulia nchini humo. Hebu fikiria zamu ya saa tisa za usiku, mchungaji na watu wawili watatu wanasoma zaburi huku macho yanafumba, wakijua wakisema amina ya mwisho mlango unafunguliwa. Ile ndiyo "nitakuombea" ninayotaka kujifunza.

Majibu ya mama hayajatoka. Ameitwa tena Alhamisi ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi, na siku hiyo nitakuwa safarini. Namhitaji mmoja wenu wa kuketi naye. Aje na maji ya kunywa, foleni ni ndefu, na asisahau miwani. Herufi za fomu zile ni ndogo sana.