Alfajiri Iliyochelewa Kufika

Mapema mwaka 2019, miezi michache baada ya Kenya Airways kuanzisha safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018, nilimsindikiza mama yangu kwenda kumwona dada yangu aliyekuwa amejifungua. Awali, msafiri wa njia hiyo alilazimika kubadilisha ndege njiani, mara nyingi Ulaya au Ghuba, na kwa magoti ya mama, kungoja uwanjani kulimchosha kuliko safari yenyewe.

Kabla ya kuondoka Mombasa alitaka kujua tutapita wapi. Nilichukua tufe la dunia la mwanangu, nikanyoosha uzi kati ya Nairobi na New York. Kwenye ramani ya ukutani rula ilikuwa imepita juu ya Burkina Faso, lakini uzi ulikata Sudan, Sahara na Moroko, kisha ukapita karibu na visiwa vya Azores. Hiyo ndiyo njia fupi, takriban kilomita 11,800, na ndege huhitaji kama saa 15 kuimaliza.

Tuliruka karibu na saa sita usiku. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua ndege iliyojaa mafuta. Ubaridi wa usiku huipunguzia ndege taabu hiyo.

Saa ya mkononi ya mama ilipoonyesha saa nne asubuhi, dirishani bado kulikuwa giza totoro.

“Mwanangu, mbona hakupambazuki? Nitaswali alfajiri saa ngapi?”

Nilimweleza kwamba tulikuwa tukielekea magharibi, tukilikimbia jua, na kwamba New York iko nyuma ya Kenya kwa saa nane majira hayo ya baridi, kwa hiyo usiku wetu ulikuwa ukirefuka kadiri tulivyosonga. Hakuridhika na maelezo. Aliridhika na macho yake. Alikaa akichungulia hadi weupe wa kwanza ulipochomoza nyuma ya bawa, tukiwa tumekaribia kutua, akatayamamu na kuswali kitini.

Safari ya kurudi ilichukua kama saa 14. Alipouliza iwaje njia iwe ileile na muda upungue, nilimwambia kwamba huko juu pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, zikiizuia ndege iendapo Marekani na kuisukuma irudipo Afrika.

“Kumbe angani nako kuna kaskazi na kusi,” alisema, kwa maana marehemu babu alikuwa nahodha wa jahazi na hakung'oa nanga kabla ya msimu wake. Kisha akaniagiza nimwandikie saa za kwenda na za kurudi, ampelekee mjomba, ambaye naye alikuwa baharia na angetaka hesabu kamili.