Mbili nukta mbili saba

Nyumbani Tanzania ukifeli kemia chuoni unapiga sapu, unarudia mtihani, na ukifeli sana unadisko, unaondolewa chuo, basi. Chuoni kwangu Ohio sapu haikuwepo. Ukipata D, D inakaa palepale kwenye karatasi inakutazama, na inaingia kwenye hesabu pamoja na mengine yote. Karatasi yangu ya muhula wa kwanza, Desemba 2013, ilisomeka hivi: Kemia D, uniti nne. Hisabati C, uniti nne. Kiingereza B na saikolojia B, uniti tatu tatu. Na A moja, ya kile kipindi cha uniti moja cha kufundishwa namna ya kuwa mwanafunzi. GPA, yaani wastani wa alama zote, 2.27 juu ya 4.

Sababu naijua. Mimi na mama tulitoka Tanga kwa bahati nasibu ya grini kadi, tukafikia Columbus, na kila Ijumaa na Jumamosi nilikuwa kazini kwenye ghala, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wabongo husema "kubeba boksi" kwa kazi yoyote ya ughaibuni, hata anayeogesha wazee anabeba boksi. Mimi yangu yalikuwa maboksi kweli, ya viatu vya watu. Jumapili nalala kama gogo, Jumatatu asubuhi maabara ya kemia.

Kwa nini basi na alama hizo nikataka kuingia sororiti? Nilitaka mtu wa kula naye. Bwaloni nilikuwa nachagua meza ya dirishani ili nionekane natazama kitu.

Nikamweleza mama, anafungua kopo la tui.

"Ni jumuiya ya wasichana, mama. Wana nyumba yao, wanaishi pamoja, wanaitana dada."

"Wana nyimbo?"

"Wanazo."

"Na siri?"

"Nasikia wanazo."

"Na makungwi?"

Nikawafikiria wale wa mwaka wa nne. "Nao wapo."

"Basi ni unyago. Sasa hela wanakutoza ya nini?"

Nilizozitamani kwanza ni zile za Waamerika weusi, Alpha Kappa Alpha ya 1908, ile ya Kamala Harris, na Delta Sigma Theta ya 1913, zote mbili zilizozaliwa Chuo Kikuu cha Howard. Lakini kwao huendi tu na fomu yako Januari. Wanatangaza wenyewe wakiwa tayari, na mwaka ule pale kwetu hawakutangaza. Zilibaki zile zilizo chini ya baraza la sororiti la tangu 1902, ambazo huchukua wasichana kwa msimu, kama mahindi. Vyuo vingine msimu ni Agosti, ukiwa bado na alama za sekondari. Chetu kilisubiri Januari, kwa hiyo 2.27 yangu ilifika kwenye zile nyumba kabla yangu.

Ilikuwa Januari 2014, ya ile baridi iliyofunga shule Ohio nzima. Siku ya kwanza unapita nyumba zote, nane, kwa kundi, kwa saa. Tulivaa buti za theluji, viatu vya mchuchumio tumevibeba kwenye mifuko ya plastiki. Barazani unavua buti, unasimama na soksi juu ya zulia lililolowa, unachomeka miguu iliyokufa ganzi kwenye mchuchumio, halafu mlango unafunguka ghafla na wasichana thelathini wamejipanga mpaka juu ya ngazi, wanaimba na kupiga makofi kama wanampokea bibi harusi. Dakika ishirini baadaye uko nje, unavaa buti tena. Mara nane. Kufika nyumba ya sita nilikuwa sisikii vidole, nacheka tu kila nikiulizwa jambo.

Siku ya pili ratiba yangu ilikuwa na nyumba mbili. Siku ya tatu sikupewa ratiba. Yule msichana aliyekuwa anatuongoza, ambaye wiki ile hakuruhusiwa hata kusema yeye ni wa nyumba gani, alinivuta pembeni akaniambia nisilie, si mimi, ni namba. Nilidhani ananipoza. Kumbe ni kweli tupu: kila muhula ofisi ya chuo inatoa orodha ya nyumba zote kwa wastani wa GPA, na hakuna anayetaka kuwa wa mwisho.

Nilirudi ghalani, nikabeba maboksi.

Februari simu ikaita. Nyumba moja haikujaza idadi yake, na sheria inawaruhusu kuendelea kuchukua watu polepole baada ya msimu. Nije kula chakula cha jioni? Nilikwenda na buti zangu na sikuzibadili.

Baada ya kula, aliyekuwa na dhamana ya masomo alinipeleka jikoni. Alikuwa na faili, penseli na kalkuleta. Akaniuliza GPA, ingawa karatasi ilikuwa mbele yake. Nikaitaja. Hakuniuliza kulikoni, nami nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima ya ghala na mama na Tanga. Akaanza kubonyeza. Walikuwa 61, wastani 3.08. Akazidisha, akajumlisha mimi, akagawa kwa 62, akaigeuza kalkuleta nione: 3.067.

"Unatushusha 0.013," akasema. "Hiyo tunaibeba."

Sijui mpaka leo kama nilitakiwa kucheka au kukasirika. Huruma haikuwepo pale. Nyumba ina vitanda, na kitanda kitupu hakilipi bili ya gesi. Wao walihitaji kichwa na ada, mimi nilihitaji meza. Afadhali hivyo, kwa maoni yangu, kuliko zile nyumba mbili zilizonikumbatia mlangoni na kunifuta usiku.

Sharti lilikuwa masaa sita ya kujisomea kila wiki, chumba cha chini, kwa kusaini, mpaka nifike 2.5. Nikaiacha zamu ya Ijumaa. Mama alinuna siku mbili.

Ijumaa ya kwanza nilishuka saa moja jioni na kitabu cha kemia, maana nilikuwa nairudia. Mezani palikuwa na msichana mmoja tu, kofia ya sweta imemfunika mpaka machoni, na pakiti ya bisikuti. Akanitazama nikisaini.

"Wamekupa masaa mangapi?"

"Sita."

"Mimi kumi," akasema, akanisogezea bisikuti.