Tulisingizia dagaa, kumbe harufu inatoka bafuni

Tunaishi wadada watatu kwenye apatimenti moja Sinza, mmoja ana chumba cha masta chenye choo chake ndani, sisi wawili tunashea choo cha pablik, jiko na sebule ni vya wote. Luku tunachangishana, usafi tuna zamu, na mpaka mwezi wa pili mwaka huu sikumbuki kama tuliwahi kugombana kwa kitu cha maana.

Afu ikaja harufu. Unarudi kazini jioni, ukifungua mlango tu inakupokea, kitu kama yai viza, sebuleni imo, jikoni ndo imezidi. Mi na mwenzangu hatukujiuliza mara mbili, maana yule dada mkubwa wetu kwao Mwanza na huwa anatumiwa dagaa, anawaweka kabati la chini pale jikoni. Nikaandika kwenye grupu la nyumba, tena bila hata salamu, "dada naomba hao dagaa uwatoe, nyumba inanuka." Hakujibu. Usiku nikamkuta amepiga magoti jikoni anawahamishia kwenye ndoo yenye mfuniko, anawachota kwa mkono kidogo kidogo wasimwagike, akamaliza akaibeba ndoo mpaka chumbani kwake akaiweka pembeni ya kitanda. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Na harufu haikuisha. Tukanunua spreya, tukachoma udi, ndo ikawa mbaya zaidi, udi juu uvundo chini, kichwa kinagonga. Siku moja nilikuwa nimeshika jiki na siki nataka nimwage vyote kwenye sinki nikijua ndo dawa, huyo huyo dada, ambaye ni mwalimu wa kemia, akanidaka mkono, "mdogo wangu acha, hivyo vikikutana vinatoa gesi ya klorini, utaumiza mapafu." Jamani naomba mlishike hilo, jiki usichanganye na siki wala na dawa yoyote ya choo, kila kitu siku yake na maji mengi.

Mwezi wa tatu akasafiri wiki nzima, chumba chake kimefungwa, dagaa wamo humo ndani kwenye ndoo yao, na jikoni kunanuka vile vile. Tukaangaliana tu na mwenzangu, hakuna aliyesema kitu, nikampigia fundi bomba.

Fundi alipoingia hakwenda hata kwenye sinki. Akauliza, "dada, kuna bafu hapa hamlitumii?" Lipo, la nyuma kule karibu na jiko, bomba lake liliharibika toka Desemba tukaligeuza stoo ya mabeseni. Akatoa mabeseni, akachokonoa kile kiwavu cha sakafuni kwa bisibisi, akamulika na simu, akaniita niinamie nione. Pakavu kabisa. Akanielezea kwamba chini ya kile kitundu bomba limekunjwa makusudi ili maji yabaki pale, hayo maji ndo mfuniko unaozuia hewa ya kwenye chemba isipande ndani, sasa bafu likikaa wiki kadhaa bila kutumika, na joto la Dar mnalijua, maji yanakauka na mlango unakuwa wazi. Ndo maana ilikuwa inazidi jioni, wa juu wakianza kuoga na kuflashi ile hewa inasukumwa kwetu. Akamwaga ndoo moja ya maji, akaongezea vijiko viwili vya mafuta ya kula juu yake ili yasikauke haraka, basi. Tukafungua madirisha yote, kufika magharibi nyumba ikawa nyumba.

Dada aliporudi nilimfuata chumbani kwake, nikamwambia dada nimekukosea, nisamehe, na nilimwandikia tena kule kule kwenye grupu maana ndo nilipomtukanishia. Akasema yameisha. Afu akanifundisha dagaa wanavyopikwa bila nyumba nzima kujua, unawatoa vichwa, unawaosha na maji ya uvuguvugu, unawakamulia ndimu unawaacha dakika kumi, maana shombo la samaki linakatwa na uchachu, na dirisha unalifungua kabla hujawasha jiko sio baada ya moshi kujaa. Mafuta uliyokaangia usiyaache kwenye karai mpaka kesho, na ukuta nyuma ya jiko ufutwe siku hiyo hiyo na maji ya moto na sabuni, kule ndo harufu inakoganda.

Kwenye friji nako, luku iliisha tukiwa hatupo na nyama ikaharibika, tulifuta na maji yenye magadi soda, tukaacha mlango wazi kutwa, na vipande vya mkaa kwenye kibakuli siku tatu. Ilisaidia ila sio siku ya kwanza.

Ndoo ya dagaa imerudi jikoni, kabati lile lile la chini. Na kila Jumapili namwaga jagi la maji kwenye lile bafu la nyuma, nimejipa hiyo zamu mwenyewe.