Meli iliyokaa miezi minne mbele ya nchi kavu

Jumapili, usiku.

Leo sikwenda kutafuta simu za kununua. Niliwaacha wenzangu Chungking Mansions, jengo la maduka na nyumba za wageni hapa Hong Kong, wakifunga mizigo, nikapanda feri pale Central, katikati ya jiji, kwenda kisiwa cha Lamma. Ni mwendo wa nusu saa hivi. Unayaona kwanza mabomba matatu marefu ya kituo cha umeme, ndipo kisiwa chenyewe kinajitokeza. Nilikwenda kuangalia maji tu.

Februari 7, 1979, meli ya mizigo iitwayo Skyluck ilifika Hong Kong ikiwa na Wavietinamu zaidi ya 2,600. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwakatalia kushuka. Ilisema safari ile ni biashara ya kusafirisha watu, na kweli wengi walikuwa wamelipia nafasi zao kwa dhahabu. Meli ikatia nanga karibu na Lamma. Wakaletewa chakula na maji, wakaambiwa wangoje. Februari ikaisha, ikaja Machi, Aprili, Mei, na milima hii ya kijani niliyopanda leo wakiitazama kila asubuhi. Juni 29 wakaukata mnyororo wa nanga. Meli ikachukuliwa na maji mpaka kwenye miamba, watu wakateremka kwa kamba, wengine wakaogelea.

Nimekaa juu ya jiwe nikiuwaza mnyororo ule. Mimi ni mtoto wa Kigoma, najua kamba ya nanga ya boti la wavuvi, hiyo unaikata kwa kisu. Mnyororo wa meli ya shehena ni kazi ya watu wengi na ya saa nyingi. Maana yake walikaa, wakashauriana, wakakubaliana kuipeleka mwambani meli ambamo watoto wao walikuwa wamelala. Sijui mtu anafikaje hapo, ila miezi minne na zaidi ya kuangalia nchi kavu inaweza kumfikisha.

Wengi waliotoka Vietnam miaka ile walikuwa watu wa maduka, Wachina wa Saigon na Cholon, mtaa wa Wachina wa mji huo. Mwaka 1978 serikali ilifuta biashara za watu binafsi kule kusini, bidhaa zikachukuliwa. Mwaka uliofuata China na Vietnam zikapigana, na kuwa Mchina ndani ya Vietnam kukawa shida juu ya shida. Na mimi naishi kwa duka, kwa hiyo sehemu hii ya habari zao sikuweza kuisoma haraka.

Lazima niseme haki ya Hong Kong pia. Palikuwa pamejaa kweli. Watu wapatao milioni tano walibanana kati ya mlima na bahari, na miaka hiyohiyo Wachina wa bara walikuwa wanaingia kwa maelfu. Ndani ya mwaka 1979 peke yake walifika Wavietinamu zaidi ya 68,000. Malaysia ilikuwa inazivuta mashua kuzirudisha baharini. Hong Kong mashua zilipokelewa, hata zile zilizofika zikivuja. Kwa hilo nawaheshimu.

Kinachoniuma ni yale ya baadaye. Kuanzia Juni 16, 1988, kila aliyefika aliwekwa kizuizini, akahojiwa, na asipothibitisha kwamba ni mkimbizi alihesabiwa mhamiaji haramu wa kurudishwa kwao. Aliyeingia tarehe 15 alikuwa mkimbizi. Mashua iliyochelewa kwa sababu ya upepo ilikuta sheria nyingine. Redio ya Hong Kong ikawa inaitangaza sheria hiyo kwa Kivietinamu, na tangazo lilianza kwa maneno *Bắt đầu từ nay*, yaani "kuanzia sasa". Mzee mwenye nyumba ya wageni ninakolala hajui neno jingine la lugha hiyo, lakini hayo aliyatamka yote bila kukwama, miaka zaidi ya 30 baadaye.

Kambini walilala kwenye vitanda vya deka tatu, familia nzima kwenye deka moja, pazia la kitambaa ndio ukuta. Watoto walizaliwa humo ndani ya seng'enge. Desemba 12, 1989, kabla hakujapambazuka, watu 51 wa kwanza walipandishwa ndege kwa nguvu kurudishwa Hanoi. Kambi ya mwisho, Pillar Point, ilifungwa mwaka 2000.

Kwenye feri ya kurudi nilimtumia mama ujumbe wa sauti. Nilimuuliza juu ya mwaka 1996, maboti yalipokuwa yanavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo na watu wanashuka ufukweni na magodoro kichwani. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka yule mama wa Uvira na wanawe watatu waliokaa kwetu kabla ya kupelekwa kambini. Nilitaka kujua walikaa siku ngapi.

Amejibu sasa hivi, huko kwao ni jioni. "Siku hata sikuhesabu, mwanangu. Baba yako, Mungu amrehemu, alisema pamejaa. Na palikuwa pamejaa, si uongo. Nyie ndio mkahamia jikoni, hukumbuki? Ulikuwa unalia moshi."

Nilikuwa nimesahau kabisa habari ya jikoni. Nimeisikiliza sauti yake mara tatu.