Faili limefutwa, nafasi haijarudi

Leo seva ya ofisini imenitoa jasho, jamani.

Asubuhi diski imejaa pomoni. Chanzo ni faili moja la logi (programu inapoandika kumbukumbu za kazi zake), GB 80 peke yake. Nikalipiga rm, amri ya kufuta.

Nikaangalia df (inaonyesha diski imejaa kiasi gani): bado 100%.
Nikaangalia du (inajumlisha ukubwa wa faili): faili zote zikijumlishwa hazifiki hata nusu ya diski.

Sasa hizo GB nyingine kazila nani?

Kumbe kwenye Linux rm inaondoa jina tu. Kama kuna programu bado imelifungua hilo faili, data inakaa palepale mpaka programu ilifunge.

Nikaandika lsof +L1, amri ya kuonyesha faili zilizofutwa lakini bado zimefunguliwa. Huyo hapo! Faili lile lile, pembeni limeandikwa "deleted", na kila nikirudia amri ukubwa umeongezeka. Limefutwa na bado linanenepa! Hapo nilicheka peke yangu.

Nikaiwasha upya ile programu iliyokuwa imelifungua, df ikashuka hadi 46%. Bosi, aliyekuwa kasimama nyuma yangu muda wote, akauliza, "Umefuta nini tena?"

Safari hii sijafuta kitu, bosi. Hajaniamini mpaka saa hizi 😂

Wenzangu wa Windows na Mac, kwenu nafasi huwa inajificha wapi?