Mbu ana mizani mingapi? Siku yangu na Kidato cha Tatu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya chai nachomeka simu na spika ndogo kwenye chaji. Hapa Tanga umeme ukitaka kukatika haupigi hodi.

Saa moja na robo, paredi. Shikamoo za kila siku, marahaba za kila siku.

Saa mbili na dakika arobaini, ushairi. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo teknolojia yote ya darasa ni simu yangu yenye kioo kilichopasuka na projekta niliyoazima kwa mwalimu wa taaluma. Leo tunasaka mizani, yaani silabi za kila mshororo (mstari wa shairi): nane ukwapi (kipande cha kwanza), nane utao (kipande cha pili). Kijana wa dawati la nyuma akasoma ukwapi wake: "Mbu wanaimba chumbani." Anaapa ni nane. Nusu ya darasa ikamuunga mkono, nusu ikazomea.

Nikamrekodi akisoma taratibu, nikatupa wimbi la sauti ukutani. Tukahesabu vilima. Tisa! Cha kwanza ni kifupi, kimejibanza mbele ya "bu": ile m inasimama peke yake.

"Na mbuzi je, mwalimu?" binti mmoja akadakia.

Tukarekodi. Vilima viwili tu, mbu-zi. Hapo kelele zikapanda hadi darasa la jirani. Kanuni hii, kwamba m ya mbu ni silabi peke yake lakini ya mbuzi si silabi, nimeiandika ubaoni miaka yote, hakuna aliyewahi kuigombania.

Saa tatu na dakika kumi umeme ukaenda zake. Tukamalizia kwa makofi, na nakiri yalifanya kazi vilevile. Kijana akapunguza, akaongeza, akasimama: "Mbu waimba chumbani, chandarua kina tundu." Kumi na sita kamili.

Saa tisa alasiri nachapa beti zao nizitume kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Kibodi imeng'ang'ania kugeuza "vina" (silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande) kuwa "Tina". Tina gani sasa?

Saa mbili usiku, ujumbe wa sauti kutoka namba ya nyumbani kwa yule kijana. Ni babu yake. Shikamoo yangu hajaisubiri.

"Mwalimu, mizani imetimia. Lakini mshororo wa pili kina cha kati ni 'na', na wa kwanza ni 'ni'. Mnawafundisha nini huko?"

Nimeuhifadhi. Kesho kipindi kinaanza na spika, sauti ya babu kwanza.